Kitanda cha Mbele

Tarehe 3 Machi

Mama Mkubwa, shikamoo.

Usinione kimya. Nimejifungua tarehe 24 ya mwezi uliopita, salama, mtoto wa kiume mwenye sauti ya mnadi wa mitumba. Leo ndiyo nimekaa kitako kwa mara ya kwanza na kalamu mkononi, na yeye amelala mapajani, kwa hiyo mwandiko ukipinda ujue ni mguu wake.

Karani wetu anaendeleaje? Tangu nimuache hapo wodini hii ni wiki ya sita. Simu ya posta huku kwetu imekufa tangu mvua za mwaka jana, na baba yao bado yuko huko alikokwenda kutafuta kazi, hajatuma hata salamu. Habari za binti yangu nazipata kwako tu.

Nakukumbusha ahadi yetu. Siku ile naondoka, tumbo limenitangulia, ulinishika mkono pale mlangoni ukaniambia niende nikazae, na kwamba hali ya mtoto ikigeuka utaniandikia neno moja tu, njoo, nami nisiulize. Mama Mkubwa, mama yangu mzazi alifariki nikiwa mbali, nikaja kuambiwa ameshazikwa. Sitaki kuambiwa baadaye tena. Nataka mwanangu akiondoka duniani awe ameshika mkono wangu. Nimelisema, limetoka, sasa tuendelee.

Najua wodi yenu hairuhusu mtoto mchanga kupita ule mlango, kwa hiyo nikija lazima huyu abaki. Wifi yangu yuko hapa kwangu mpaka mwisho wa mwezi, naye ananyonyesha, na amekubali kumpokea. Begi langu liko nyuma ya mlango. Nangoja neno lako.

Ni mimi,
Mama Karani


Tarehe 8 Machi

Mama Karani,

Hunijui, na naanza kwa kukuomba radhi kwa kufungua barua yako. Juu iliandikwa "Mhudumu, Wodi ya Watoto," na mhudumu sasa ni mimi. Mama Mkubwa amestaafu mwezi uliopita, amehamia kwa mwanawe. Ameniachia ufunguo wa stoo ya mashuka, kandambili za plastiki na ushauri mmoja, kwamba nisikae. Nikamuuliza nisikae wapi, akasema popote.

Leo ni siku yangu ya sita. Kabla ya hapa nilifanya kazi gesti miaka kumi na moja, natandika vitanda na kufua. Waliponiuliza nina uzoefu gani na wagonjwa nikasema sina, ila nina uzoefu wa watu wasiotaka kuamka. Yule mzee wa ofisi alicheka, nadhani ndiyo maana nimepata.

Hapa natandika, naogesha, nalisha, na hawa wa figo kama mwanao napima mkojo wao kwenye jagi na kuandika kwenye karatasi iliyofungwa miguuni pa kitanda. Sista Mkuu, nesi anayesimamia wodi, aliniambia siku ya kwanza: ugonjwa ni wa daktari, dawa ni ya nesi, wewe mwili ndio wako. Habari za ugonjwa hazitakiwi kutoka mdomoni mwangu. Kwa hiyo figo zinasemaje siwezi kukuambia, na hata mimi siambiwi. Lakini macho ninayo, na nitakayoyaona nitakuandikia. Ahadi ya Mama Mkubwa nimeirithi pamoja na kandambili.

Mwanao yuko kitanda cha tisa, safu ya nyuma, karibu na bafu. Asubuhi uso unakuwa umevimba, ikifika saa sita macho yanaonekana. Sasa nimejua kwa nini wodi nzima inamwita Karani. Kila nikipima ananiuliza, umeandika? Juzi nilikosea nikamwandikia mkojo wa kitanda cha nane, akanisuta mbele ya daktari. Miaka saba, lakini mdomo wa mtu wa arobaini. Mimi ameniita Gesti kwa sababu anasema kila sentensi yangu inaanza na "kule gesti." Nilitaka kukataa, nikajisikia naanza kusema kule gesti.

Basi nimekubali.

Gesti


Tarehe 13 Machi

Dada Gesti,

Nimesoma barua yako mara nne, ya tano nimemsomea wifi. Nilipoona mwandiko si wa Mama Mkubwa nilikaa chini palepale nje ya duka. Barua zetu huku zinaachwa duka la njia panda. Nakwenda kila siku kuuliza, mpaka mwenye duka akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Asante kwa kunisaidia bila kunijua. Acha nikupe siri za huyo mtu wako. Hapendi kuogeshwa kuanzia kichwani, anza miguuni, kichwa mwisho, na umwambie kabla hujamwaga maji. Akisema hana njaa, geuka uangalie pembeni, atakula. Akinyamaza sana usimuulize anaumwa wapi, hatasema. Muulize mdoli wake anaumwa wapi. Mdoli ni ile soksi yangu niliyoitia vitambaa, usije ukaifua ukaiweka na soksi za watu.

Na akikuomba chumvi usimpe. Atalia machozi ya kweli, atakuambia mama hunipa. Muongo huyo.

Nikilala namuona yuko kitanda kile, na huyu mdogo yuko kwenye titi, nashindwa niwe wapi. Mwili mmoja, watoto wawili, na mlango wenye sheria katikati. Wifi ananiambia niende tu, ataweza wawili. Lakini huyu ana wiki mbili na ushee. Naomba unisaidie kuamua, Dada Gesti, maana wewe ndiye unayemuona. Ukiniambia bado, nitanyonyesha. Ukiniambia njoo, nitamkabidhi kwa wifi nije, na nisigeuke nyuma.

Mama Karani


Tarehe 18 Machi

Mama Karani,

Soksi iko salama. Jana ilikuwa inaumwa mgongo na leo inaumwa tumbo, kidogo, pale upande wa kulia. Nilimwambia nesi, nesi akamwambia daktari, hivyo soksi imeandikiwa dawa.

Vita yetu ni chumvi na maji. Amepangiwa vikombe vitatu vya maji kwa siku na anavigawa kama mtu anayevuka jangwa. Chakula chake nakitoa jikoni kwenye sinia lake peke yake, kimepikwa bila chumvi hata chembe. Jumamosi nilimkuta ameshika yai la jirani yake, analamba chumvi juu yake kisha anamrudishia. Jirani mwenyewe yuko radhi kabisa, wamekubaliana. Nilipomnyang'anya akaniambia, Gesti, wewe ulitakiwa ubaki na mashuka. Niliumia, kisha nikaenda stoo nikacheka peke yangu.

Niseme ukweli, kazi hii inanishinda nguvu. Kule gesti mtu akiondoka unabadilisha shuka, unafungua dirisha, unamsahau. Hapa siku ya Jumatano kitanda cha nne kilikuwa na mtoto nilipoingia, na kilikuwa hakina mtoto nilipotoka jikoni. Nikaambiwa nitandike. Nikatandika, pembe zote nne, nikanyoosha na mto. Nikaogopa kuuliza amepelekwa wapi, maana wenzangu wote walikuwa wanafanya kazi kama watu wanaojua.

Lakini huyu wako anabishana, na mimi nimeshajifunza kwamba anayebishana yuko nasi. Daktari jana alikaa kwake muda mrefu kuliko kwa wengine, akamshika mkono. Kwa ninavyoona, bado. Nyonyesha.

Anasema nikuandikie kwamba mimi namnyima chumvi. Nimeandika.

Gesti


Tarehe 25 Machi

Mama Karani,

Leo kalamu yenyewe inakimbia. Kaa chini usome polepole.

Jana asubuhi mwanao amehamishwa. Ametolewa kule nyuma karibu na bafu, amepewa kitanda cha kwanza, kitanda cha mbele, kinachotazamana na meza ya manesi. Kina pazia lake mwenyewe na dirisha kubwa, na kiti cha kuegemea ambacho wodi nzima kiko kimoja tu. Kule gesti chumba cha mbele hapewi mtu hivihivi, anapewa mgeni ambaye mwenyeji anataka akae vizuri zaidi. Nilimtandikia shuka jipya lile la mistari nililokuwa nimelificha.

La pili. Daktari amemfungulia chakula. Sista Mkuu aliniita mwenyewe akaniambia, kuanzia leo mpe anachotaka, chumvi asizuiwe, maji asipimiwe. Nikamuuliza hata soda? Akasema hata soda. Mama Karani, nilikimbia jikoni kama mtoto. Amekula viazi viwili vya chumvi na nusu yai, akanywa soda ya machungwa, akaniambia kumbe Gesti una roho nzuri.

La tatu, zile sindano za kumtoa damu kila asubuhi, zilizokuwa zinamliza, wameacha. Hata kwenye mizani hawampandishi tena. Jagi lake nimeambiwa niache kulipima. Mimi sijasoma, lakini mtu ukiacha kumtafuta kitu, maana yake umeshakipata.

Analala sana mchana. Nadhani mwili unalipa deni la usingizi.

Kwa hiyo tulia na mtoto wako. Usimwache mchanga huyo kwa ajili ya safari ya siku mbili barabarani. Kwa haya ninayoyaona, si wewe utakayekuja huku, ni yeye atakayekuja huko. Lile begi lirudishe kabatini.

Gesti


Tarehe 30 Machi

Dada yangu Gesti,

Barua yako niliisomea palepale dukani, kwa sauti. Mwenye duka akatoka nje ya kaunta. Sijui nani alianza, lakini wanawake waliokuja kununua mafuta ya taa walinibeba, kweli kabisa, wakanibeba na mwanangu mgongoni. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Sikumbuki lini nilicheka hivyo, labda kabla Karani hajavimba.

Nikuambie kitu. Nilikuwa nimeshaamua. Wiki ile nilipanga kuondoka Jumatatu, neno lako liwepo lisiwepo, maana moyo ulikuwa hautulii. Nilianza kumzoesha mdogo kwenye titi la wifi. Alikuwa anamkodolea macho kama mtu aliyepelekwa nyumba isiyo yake. Sasa nimemrudisha kwangu, ananyonya usiku kucha kwa hasira ya zile siku mbili. Begi nimelifungua. Wifi naye anaondoka kesho na mapema kwenda kwake, kwa mumewe, alikuwa amejikalisha kwa ajili yangu tu.

Nimeanza kumshonea gauni. Je, nikate la kipimo kile cha zamani au amekonda? Uvimbe ule ukishuka hata sijui mwanangu ana kiuno gani. Mpime kwa kamba uniambie, lakini usimwambie ni la nini.

Mungu akuweke, dada. Barua sitazifuatilia tena kila siku, nimewachosha watu wa duka. Sasa nalala.

Mama Karani


Tarehe 2 Aprili

Mama Karani,

Njoo. Ukishasoma neno hilo ondoka, haya mengine utasoma njiani.

Leo asubuhi nilimuuliza Sista Mkuu Karani anaruhusiwa lini, nimfulie nguo zake mapema. Alikuwa anaandika, akaweka kalamu. Akaniingiza stoo ya mashuka, akafunga mlango, akaniuliza ni nani aliyeniambia mtoto anaruhusiwa. Nikamwambia, si amehamishiwa mbele, si anakula chumvi, si wameacha sindano. Akanieleza moja moja.

Kitanda cha mbele wanamweka yule ambaye nesi anataka amfikie kwa hatua mbili. Chakula wamemfungulia kwa sababu kumnyima hakumsaidii tena. Sindano wameacha kwa sababu majibu hayatabadilisha kitu. Figo zimegoma kabisa, na hapa hakuna la kumfanyia. Wodi nzima inayajua haya, hata mfagizi. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nashangilia, na wao walidhani najikaza kwa ajili ya mtoto.

Sista Mkuu alidhani unajua. Ofisi ilikuandikia barua rasmi tarehe 23, lakini kwenye faili kuna anuani ya kile kiwanda alikokuwa akifanya kazi baba yake, na kiwanda kimefungwa. Karatasi hii amenipa yeye mwenyewe, akasema andika yote, sheria nitaijibu mimi.

Barua hii namkabidhi kondakta wa basi. Kesho asubuhi itakuwa duka la njia panda.

Sina uso wa kukuomba msamaha sasa. Njoo tu.

Gesti


Tarehe 4 Aprili

Mama Karani,

Leo nimepokea barua yako ya tarehe 30, ya gauni. Naomba iwe yangu ya kondakta imeshakufikia. Kama hujaipata, hii naipitisha posta, moja lazima ifike. Njoo. Mlete na mdogo kama wifi ameshaondoka, nitamshika mimi hapo nje ya mlango muda wote utakaokuwa ndani, nimeshaomba ruhusa.

Mwanao anaongea kidogo. Nimemwambia umeshapanda gari.

Kiuno sijampima.

Gesti


Tarehe 7 Aprili

Gesti,

Nimekwenda dukani kununua uzi, nikapewa barua mbili kwa pamoja. Ile ya kondakta ilikuwa chini ya mizani siku nne, wanangoja nipite.

Basi ni kesho alfajiri. Gari la posta linaondoka sasa hivi na nimempigia dereva magoti, anasema abiria hawaruhusiwi, ila barua atabeba. Kwa hiyo barua itafika kabla yangu. Wifi ameondoka, nakuja na mtoto.

Msomee Karani maneno haya: mama yako anakuja, usilale.

Mama yake


Tarehe 15 Aprili

Mama Karani,

Nimechana karatasi tatu kabla ya hii.

Barua yako ya tarehe 7 ilifika tarehe 8 saa kumi jioni. Mwanao alikuwa ameondoka saa saba mchana ya siku hiyo. Kitanda nilikuwa nimeshakitandika. Niliikunja barua nikaitia mfukoni mwa aproni, maana hakukuwa na wa kumsomea.

Na wewe ulipofika tarehe 9, nilikuwepo. Waliponiita kwamba mama yake Karani yuko getini na mtoto mgongoni, nilijifungia stoo ya mashuka. Nilisikia sauti yako kwenye korido ukiuliza, Gesti yuko wapi, niitieni Gesti. Nilikaa juu ya furushi la mashuka nikajiziba mdomo kwa shuka mpaka ulipoondoka. Mtu niliyekuwa namwandikia kila wiki, na sijui hata una sura gani.

Nataka ujue kosa langu ni lipi hasa, maana watu watakuambia sikujua, na hilo unaweza ukalisamehe. Kutojua si kosa kubwa. Kosa ni kwamba sikuuliza. Siku ile wanamhamisha, nesi mmoja aligeuka ukutani akafuta macho, nami nilimuona. Niliona, Mama Karani. Moyo ukanigusa kwamba hapa kuna kitu. Lakini nilikuwa na wiki tatu kazini na nilishachoka kuonekana mshamba, kila siku naambiwa hivi sivyo, hili siyo la huku. Nikasema moyoni, nikiuliza watacheka. Nikaenda kuchukua viazi.

Siku ya mwisho nilikuwa naye mimi. Nilimwogesha kuanzia miguuni kama ulivyoagiza. Hakuwa na maumivu, walimpa dawa. Soksi alikuwa ameilaza shingoni. Asubuhi ile hakuuliza kitu wala mtu, alikuwa ametulia tu kama mtoto aliyeshiba, na akaondoka hivyohivyo, usingizini. Nakuapia hakuteseka na wala hakukutafuta. Hilo naomba likupe nafuu kidogo.

Nimemwambia Sista Mkuu naacha kazi. Amesema nimalize mwezi kwanza, hana mtu mwingine.

Nisamehe ukiweza.

Gesti


Tarehe 24 Aprili

Kwa Mhudumu, Wodi ya Watoto

Barua yako nimeipata. Nimekaa nayo siku tano nikitafuta niseme nini, na nimeona nikuambie kama yalivyo.

Nilijua uko kule stoo. Sista Mkuu aliniambia yuko humo, nimtoe? Nikamwambia muache. Sikuwa na nguvu za kuonana na mtu. Nilikuwa nakwenda kumuona mwanangu, na huko mochwari walikonipeleka hakuna aliyeniuliza umri wa mtoto niliyembeba. Nilipita naye mlangoni na hakuna sheria iliyosema neno.

Umeandika kwamba hakunitafuta. Mama wa kitanda cha pili, yule mwenye mtoto wa moyo, alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Akaniambia Karani aliuliza mara tatu asubuhi ile, mama amefika wapi. Ya kwanza ukamwambia nimepanda gari. Ya pili ukamwambia niko darajani. Ya tatu ukamwambia niko getini, navua viatu, na akafumba macho akingoja. Kwa hiyo umenidanganya tena, safari hii ukijua unachofanya.

Uongo huu wa pili nimekusamehe siku ileile niliyousoma. Hata mimi ningemwandikia mama mwingine hivyo. Tena nakushukuru kwa lile la getini, kwa sababu labda alipoondoka alidhani nimefika. Kazi usiache. Sasa unajua kitanda cha mbele ni nini, na akija mhudumu mwingine asiyejua atawaandikia mama wengine kama ulivyoniandikia mimi.

Ninaloshindwa kulisamehe ni la kwanza, ambalo hukukusudia. Umeandika kosa lako ni kutouliza. Hapana, hilo ni la kwako na kazi yako, mimi halinihusu. La kwangu ni siku tisa. Barua yako ya furaha niliipata tarehe 29, na nikajua ukweli tarehe 7. Siku tisa nimelala usingizi mzito. Nimecheka na watu dukani, nimebebwa juu juu, nimeimba nikikata gauni. Nilikuwa nakwenda kuuliza barua kila siku ya Mungu, nikaacha kwa sababu nilikuwa na furaha, na neno lako likakaa chini ya mizani mwendo wa nusu saa kutoka mlangoni kwangu. Hizo ndizo siku nilizofurahi kuliko zote tangu augue, na ndizo hizohizo mwanangu alizokuwa anakufa. Nikikumbuka nilivyocheka nashika mdomo wangu kwa mkono.

Huyu mdogo ana miezi miwili. Jana alinicheka kwa mara ya kwanza, kicheko chenye sauti, na nilimgeuzia uso ukutani. Sijui nitamwangalia vipi akikua.

Usinijibu. Najua una moyo mwema na utataka kunijibu. Lakini mwili wangu haujajifunza bado. Nikiona bahasha yenye mhuri wa hospitali nitafurahi kwanza, kabla sijakumbuka.

Mama Karani